Ma-ha-ra-gwe

Hapa Nyamirambo, mtaa wa Kigali uliozoea Kiswahili, mtoto hucheza kwa lugha ya nyumbani, kisha darasani hukutana na Kiingereza. Ninyi wa Kiziba na Mahama mnalijua hilo. Je, uache kumsemesha kwa lugha yako? Hapana, usiache! Akizoea kusikia vipande vya neno katika lugha yake, kusoma ya pili kutamwia rahisi. Mkichambua maharage, pigeni makofi: ma-ha-ra-gwe, mara nne. Muulize, neno gani jingine laanza na “ma”? Maji! Mama! Hata wewe usiyejua kusoma waweza. Anayejua, aandike “ma” mchangani kwa kijiti. Mtoto afute, aandike yake.