Mama, Nimekuchongea?

(Hotuba ya mama mmoja mwanachama katika sherehe yetu ya Siku ya Uhuru, Flemingsberg)

Ninyi watoto mliojipanga kule nyuma karibu na meza ya sambusa, nawaona. Sogeeni mbele kidogo, maana nusu ya maneno haya ni yenu.

Nikisema "Uhuru" mniitikie "na Kazi", kama walivyoitika wazazi wetu mwaka 1961. Ahsanteni. Basi mimi leo nazungumzia hiyo kazi, kazi ya kulea. Mwenyekiti aliniomba niseme jambo la kufurahisha kwa kuwa ni sikukuu. Nikamwambia la kufurahisha lipo, ila njia ya kulifikia ina utelezi kama ngazi za kituo chetu cha treni mwezi huu.

Wengi mnajua kazi yangu. Nahudumia wazee usiku, naingia saa tatu, natoka saa moja asubuhi. Desemba jua la hapa linazama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo zipo wiki ambazo silioni kabisa: nikitoka kazini ni giza, nikiamka ni giza. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimebaki peke yangu na watoto watatu, katika mojawapo ya yale maghorofa marefu ya rangi rangi ya Grantorp.

Siku moja zikaja simu mbili. Ya kwanza kutoka Muheza: mama yangu amelazwa, zinatakiwa fedha leo hii. Ya pili kutoka shuleni: mwanangu wa pili, miaka kumi na miwili, hajaonekana darasani tangu mchana. Alirudi saa mbili usiku, mimi nimeshavaa koti. Nikamuuliza alikuwa wapi, akanijibu kwa Kiswidi, haraka haraka, macho pembeni. Maneno sikuyapata yote, lakini ile sauti niliielewa. Nikaokota kandambili mlangoni nikampiga. Mara tatu, begani na mkononi. Kisha nikakimbilia treni nisichelewe kazini.

Sisemi haya kwa kujisifu, wala kwa kujidhalilisha. Nasema kwa kuwa humu ukumbini siko peke yangu, na tunajuana.

Alama ilionekana shuleni kwenye kipindi cha michezo. Mwalimu wa hapa akiwa na wasiwasi juu ya mtoto, sheria inamlazimisha kutoa taarifa kwa watu wa ustawi wa jamii, wale tunaowaita soshali. Hana hiari. Barua ikaja, nami nikampa binti yangu mkubwa anisomee, maana Kiswidi cha barua si Kiswidi cha kumvalisha mzee soksi. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hebu fikirini: mtoto amekaa mezani, ugali unapoa, anatakiwa atafsiri kwa sauti barua inayouliza kama mama yake ni hatari kwa mdogo wake. Alipofika katikati akanyamaza. Akasema, "Ni mambo ya mkutano tu, mama." Alikuwa ananificha, na mimi niliona kwamba ananificha, na wote wawili tukala.

Hapo nataka nisimame kidogo. Mamlaka za nchi hii zinatakiwa kutumia mkalimani pale anapohitajika. Hospitali ni hivyohivyo. Miaka mingi mimi sikuomba, niliona aibu. Nilimburuta binti yangu kila mahali, mpaka siku moja daktari alimpa yeye, mtoto, habari za uvimbe wangu ili anieleze. Uvimbe haukuwa wa hatari, Mungu mkubwa. Lakini yeye ndiye aliyebeba yale maneno kwanza, na nilipomuuliza baadaye akasema alikuwa akitafuta neno la Kiswahili ambalo halitanitisha.

Turudi kwenye barua. Usiku ule sikulala. Nilipiga simu Muheza, na mama yangu kutoka kitandani hospitalini akasema lile mnalolijua: "Watoto wa huko ni wa serikali." Mnakumbuka pia mwaka 2021 na 2022 jinsi video zilivyozagaa kwenye simu zetu, kwamba soshali wa Uswidi wanateka watoto wa Waislamu. Serikali ilikanusha, lakini hofu haikanushwi kwa tangazo. Nilishaanza kuwaza tiketi za ndege.

Nikaenda mkutanoni. Walikuwa wanawake wawili na mkalimani kwenye simu. Mkalimani alikuwa mama wa Bukavu, na Kiswahili chake na changu cha Tanga viligongana mara moja tukacheka, nikapumua. Nilitarajia niulizwe kwa nini nilipiga. Wakaniuliza: "Nani anakusaidia?" Nilikaa pale natafuta jina la mtu. Sikulipata, nikalia.

Wakanieleza mambo ambayo ningependa kila mzazi hapa ayajue kabla barua haijafika. Uchunguzi kama ule unatakiwa umalizike ndani ya miezi minne. Kumchukua mtoto bila ridhaa ya mzazi si uamuzi wa mtu mmoja wa ofisini: katika dharura wanaweza kumchukua mara moja, lakini jambo lazima lifike mahakamani, na hapo mzazi na mtoto wanapata wakili anayelipwa na serikali. Sisemi hawakosei. Wapo ndugu humu walioumizwa, nimewasikiliza, na sitawaambia walikuwa wanaota. Kwangu mimi yaliishia kwenye kozi ya wazazi, jioni za Jumanne, na ratiba mpya ya kazi niliyosaidiwa kuiomba.

Lakini mkutano haukuwa mgumu kama usiku uliofuata. Mwanangu alikuja jikoni, akasimama karibu na friji, akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa: "Mama, nimekuchongea?"

Alikuwa amekaa na swali hilo wiki tatu. Alidhani akisema ukweli tena tutatengana, na asiposema anamdanganya mwalimu. Hakuna mtoto wa miaka kumi na miwili anayepaswa kubeba gunia hilo. Nikamwambia hapana, aliyekosa ni mimi. Nilikuwa sijawahi kusema maneno hayo kwa mtoto wangu, na sikumbuki kama niliwahi kuyasikia kwa mkubwa yeyote.

Tukakaa. Nikamsimulia mpera wa nyumbani kwetu, jinsi mama alivyonituma mwenyewe nikakate fimbo ya kunichapia. Nyembamba inawasha, nene inavimbisha, na ukileta mbovu unarudishwa. Akacheka. Kisha akaniambia wamesoma shuleni habari inayofanana, ya Astrid Lindgren, yule mwandishi wa Pippi. Mwaka 1978, alipopewa tuzo ya amani kule Frankfurt, alisimulia juu ya mama aliyemtuma mwanawe atafute fimbo. Mtoto akarudi analia, fimbo hakuipata, akampa mama jiwe: kama mama anataka kumuumiza, basi jiwe nalo litafaa. Yule mama akaliweka rafuni jikoni alione kila siku. Mwaka uliofuata, 1979, Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kuwakataza wazazi kupiga watoto kwa sheria, na habari hiyo ikachapishwa hata kwenye pakiti za maziwa. Sisi mwaka huohuo 1979 tulikuwa tunatoa kanuni za viboko vya shuleni. Msicheke sana: mzee mmoja ninayemhudumia anakumbuka vizuri vijiti vya mti wa björk alivyochapwa na baba yake. Waswidi hawakuzaliwa wapole, waliamua.

Mwanangu akaniuliza, "Bibi alijisikiaje ulipomletea fimbo?" Nikasema sijui, sikuwa namtazama usoni. Basi nikampigia simu, ameshatoka hospitali. Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, akasema: "Wewe ulikuwa unaleta fimbo mbovu makusudi. Nilikuwa najua. Ndiyo maana sikukurudisha." Kumbe mimi miaka yote najiona mjanja!

Akina baba, ninyi mliosimama mlangoni, sijawasahau. Nchi hii inatoa siku 480 za malipo ya uzazi kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake, hazihamishiki. Ukiziacha, zinapotea. Humu mna mabingwa wa kuzipoteza. Na mtoto mdogo akiugua, baba naye ana haki ya kukaa nyumbani na kulipwa. Homa ya mtoto haichagui mzazi.

Kuhusu lugha nitasema kifupi. Manispaa inapaswa kutoa masomo ya lugha ya mama wakipatikana walau wanafunzi watano na mwalimu anayefaa, lakini lugha hiyo iwe inatumika nyumbani kila siku. Kwa hiyo ukimsemesha mtoto Kiswidi chako cha kuungaunga kutwa nzima, unampunja mara mbili. Mimi naamini mwanangu asingeweza kuniuliza lile swali kwa Kiswidi. Au angeuliza, na mimi nisingelisikia lilivyo.

Watoto sasa. Mama akipokea simu ya Tanzania halafu akawa mkali, mara nyingi si ninyi. Kuna ada ya mtu, dawa ya mtu, bati la nyumba ya mtu, na mshahara ni uleule. Mnaruhusiwa kuuliza, "Mama, nani kapiga?" Na nyumbani pakiwa pagumu mno, Bris wanapokea simu za watoto kwa namba 116 111, bure. Ukipiga humchongei mtu. Nasema hivyo mbele ya wazazi wenu wote, ili wasikie.

Yule mwanangu ndiye anayeshughulikia spika leo, kwa hiyo nimemwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Alikubali kwa sharti nisitaje jina, na nisiimbe.

Baada ya pilau nitakuwa meza ya karibu na mlango, mimi na binti yangu, ambaye sasa yuko chuo hapohapo Södertörn. Yeye atakuja kula tu, msimpe barua. Mwenye barua aniletee mimi. Tutaisoma pamoja polepole, na tukishindwa tutawapigia Jumatatu kuomba mkalimani.