Paulo Alitaka Timotheo Aje



Tunasikia mara nyingi kwamba kupenda watu sana ni mambo ya mwili, na kwamba mtu wa Roho anatosheka na Mungu peke yake. Tufungue barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yuko kifungoni. Ni mtume, na anashuhudia kwamba Bwana alisimama pamoja naye. Hata hivyo anamwomba Timotheo afanye haraka, amletee joho aliloliacha Troa, afike kabla ya majira ya baridi. Sisi tunaojua baridi ya mwezi wa 6 hapa Lubumbashi, habari ya joho tunaielewa. Lakini joho angeweza kulileta mtu yeyote. Paulo alitaka kuona uso wa Timotheo.

Mji wetu ulijifunza jambo hili katika migodi. Mwanzoni Union Minière ilileta hasa wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, wakalazwa kambini kama vyombo katika depo. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mpango: mikataba ya miaka 3, na nyumba za kukaa na wake na watoto. Vifo vikapungua, watu wakabaki. Chakula na dawa navyo vilisaidia, tusidanganye. Lakini hata mabwana wa shaba waliona kwamba mwanaume asiye na wa kumngojea jioni hadumu.

Hawakufanya vile kwa upendo. Walitaka mikono ya kazi, na mke na watoto wakaingizwa katika hesabu ya faida. Hapo ndipo tunapojiogopea sisi kanisa. Anayeleta fungu la kumi, nyumba yake tunaijua. Aliyepoteza kazi akaacha kuja, tunamwombea kwa telefone, tena kama tuna unite.

Wazee kati yetu wanakumbuka Gécamines ilipokaa miezi mingi bila kulipa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu 10 wakaanza kuondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Katika nyumba nyingi bukari ilionekana mezani kwa sababu mama alibeba mizigo sokoni, na jirani akapima unga wake akakata nusu. Yule jirani hakuwa na hesabu ya faida.

Siku ya nne, baada ya maombi ya asubuhi, tutagawana majina ya waliokosa ibada tangu Pasaka. Twende wawili wawili. Tusibebe mahubiri, wala bahasha ya mchango. Tukipewa kiti, tukae. Tukipewa maji, tunywe, na kama kuna mtoto pale ambaye watu wanaogopa kumgusa, tumpakate.