Hesabu Kabla ya Waya: Usanifu wa Koili ya Kwanza ya Tesla

Koili ya Tesla, iliyobuniwa na Nikola Tesla nchini Marekani mwaka 1891, ni transfoma isiyo na kiini cha chuma, ambayo hupandisha volti si kwa uwiano wa mizunguko pekee, bali hasa kwa kulinganisha masafa ya saketi zake mbili, yaani idadi ya mitetemo ya umeme katika kila saketi kwa sekunde. Makala hii inashikilia kwamba mjenzi anayeanza hana budi kumaliza hesabu kabla ya kununua waya, kwa kuwa saketi mbili zisizolingana masafa haziwezi kuokolewa na transfoma kubwa zaidi.

Chanzo cha umeme kinachomfaa anayeanza ni transfoma ya mataa ya neoni ya aina ya zamani, yenye kiini cha chuma, kwa sababu ile ya kielektroniki hujizima yenyewe inapoona hitilafu. Transfoma ya volti 9,000 na miliampea 30 hujaza kapasita, ambayo ni kifaa cha kuhifadhi chaji, mpaka volti zinapotosha kuruka mwanya wa cheche; hapo chaji yote humwagika ghafla katika koili ya msingi, na nishati yake huhamia katika koili ya upili.

Kwenye umeme wa hezi 50, kapasita ya nanofaradi 10.6 ingelandana na transfoma hiyo, jambo linaloonekana kuwa jema lakini ambalo huweza kupandisha volti mpaka transfoma yenyewe ikaungua. Ndiyo maana huchaguliwa kubwa zaidi kwa karibu mara moja na nusu. Kapasita kumi za polipropilini, kila moja ya nanofaradi 150 na volti 2,000, zikiungwa kwa mfululizo hutoa nanofaradi 15 na uwezo wa volti 20,000, na kila moja huwekewa rezista ya megaohmu 10 ili chaji isibaki ndani umeme unapozimwa.

Koili ya upili husukwa juu ya bomba la plastiki la maji taka la milimita 110, lililokaushwa na kupakwa vanishi. Waya wa milimita 0.5, uleule wa wasuka mota, hutoa mizunguko 900 hivi katika urefu wa sentimita 50, na humaliza takriban mita 310, yaani zaidi ya nusu kilo ya shaba. Mizunguko ilale bega kwa bega bila kupandana, wala waya usipitishwe ndani ya bomba, maana cheche zitaufuata humo. Juu yake hukaa toroidi, umbo la tairi lililotengenezwa kwa bomba la alumini la kupitishia hewa, lenye upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita 10. Koili hiyo ina induktansi, yaani uwezo wa kuhifadhi nishati katika uga wa sumaku, ya milihenri 17.5 hivi, na ikijumlishwa na toroidi ina kapasitansi ya pikofaradi 24 hivi. Kwa hiyo masafa yake ni karibu kilohezi 245.

Ili ifikie masafa hayohayo, koili ya msingi, kwa kapasita ya nanofaradi 15, yahitaji mikrohenri 28, ambazo hupatikana kwa mizunguko tisa ya bomba jembamba la shaba la mafundi wa friji, likizungushwa bapa. Ni busara kuweka mizunguko kumi na miwili, ili kibanio kinachounganisha waya wa saketi na bomba hilo kisogezwe robo mzunguko kila mara. Mara nyingi sehemu bora huwa nje kidogo ya ile ya hesabu, kwani cheche zenyewe huongeza kapasitansi ya sehemu ya juu ya koili ya upili.

Waya wa chini wa koili ya upili uunganishwe na fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini, wala si ethi ya nyumba. Lipo pia dai kwamba umeme wa masafa haya hupita juu ya ngozi bila kudhuru; dai hilo si la kweli, kwa sababu katika mwili umeme huo huzama ndani kabisa, na saketi ya msingi bado hubeba umeme wa hezi 50 unaoua. Basi kabla ya kusogeza kibanio, plagi ichomolewe ukutani, kisha ncha za kapasita ziunganishwe kwa waya uliofungwa kwenye fimbo ndefu ya plastiki. Na mwanafunzi yeyote asiwashe mtambo huu akiwa peke yake.