Miti Isiyo na Daftari: Kivuli cha Mitaani Mikumi na Kilosa



Nianze na jina la mahali tulipo. Mikumi ni wingi wa mkumi, mti uitwao pia mvumo. Jina lake limekaa kwenye vibao vya mabasi na kwenye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkumi hauna matawi. Una kilele kimoja tu cha kukulia, ukikikata, umeuua. Tena ipo mikumi dume na mikumi jike, na jike likibaki peke yake halizai. Porini tembo hula matunda na kuziangusha mbegu mbali, zikiwa na samadi yao. Sokoni tembo hatuwaruhusu, wala sisemi tuwaruhusu, kwa hiyo mkumi wa mjini hauna mpanzi isipokuwa sisi.

Miti ya miombo ina uvumilivu zaidi: hukatwa ikachipua kisikini. Katika vijiji vya Kilosa kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, mradi ulioanza 2012 chini ya mashirika ya uhifadhi wa misitu TFCG na MJUMITA uliwazoesha wanakijiji kuchoma mkaa kwa mpango. Msitu hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kinachovunwa huzungukwa na visivyoguswa, mfano wa ubao wa drafti, kisha huachwa miaka 24 kipumzike. Ada huingia kwenye mfuko wa kijiji.

Hapo ndipo sisi wa mjini tunapoaibika. Mchoma mkaa anajua akate upi na arudi lini. Nani humu ukumbini anajua kitongoji chake kina miembe mingapi?

Mtaani kwetu palikuwa na mwarobaini kwenye njia panda. Chini yake walikaa bodaboda, mama wa chai na vitumbua, fundi viatu, na wazee wawili wa bao ambao sikuwahi kuwaona wakimaliza mchezo. Asubuhi moja ukakatwa, eti majani yanachafua uwanja. Kufika saa saba mchana bodaboda wamehama. Mama wa chai alijaribu mwavuli kwa wiki moja, naye akaondoka. Wapenzi wa miti ya asili watanikumbusha kwamba mwarobaini umetoka Bara Hindi. Na mwembe je? Jua la saa nane haliulizi mti umetoka wapi.

Kilosa mjini wana sababu yao ya ziada ya kutunza miti. Mwisho wa 2009 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba na kukata Reli ya Kati. Miti peke yake isingeuzuia mto ule, lakini kingo zilizolimwa hadi majini huupa mto udongo wa kubeba.

Kila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tunachimba mashimo na kupiga picha. Mbuzi humalizia. Pendekezo langu ni kwamba kabla ya siku hiyo ijayo kila kitongoji kihesabu miti iliyosimama, kiandike nani anakitumia kivuli cha kila mti, na anayetaka kukata aseme kwanza mbele ya mkutano. Mikumi nayo tuipande kwa makundi, maana mche hautambuliki kuwa dume au jike mpaka utoe maua, na huo ni mwendo wa miaka mingi.

Daftari la mtaa wangu ninalo hapa. Lina miti kumi na mmoja, na mstari mmoja nilioufuta.