Watoto Wetu Wako Wapi Katika Mizani ya Masomo?

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Elimu, iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu mjini Bujumbura, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni



Tunawashukuru wale walioamka usiku huko kambini ili wapate gari la kuwafikisha hapa, na ndugu zetu wa Buyenzi waliotupokea kwa chai na mandazi. Tumekwisha kuwakumbuka marehemu wetu kwa kunyamaza. Sasa turuhusuni tuseme juu ya walio hai, na hasa walio wadogo.

Katika kila mkutano wazazi wamekuwa wakituuliza: je, watoto wa nchi hizi zetu wanajua hesabu na sayansi sawa na watoto wa nchi nyingine? Na hawa wetu wa kambini, wao wako wapi? Nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo limetugawanya: je, mtoto afundishwe Kifaransa kitupu tangu siku ya kwanza, au aanze kwa lugha anayoielewa? Kuna wazazi waliotuambia wazi kwamba Kiswahili ni cha sokoni, hakifai darasani. Tumeona ni vizuri tujibu kwa matokeo yanayojulikana, si kwa hasira.

Tuanze na nchi iliyotupokea. Mwaka 2014 nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa shuleni zilifanya mtihani wa pamoja uitwao PASEC. Walipimwa watoto wa darasa la pili na wa darasa la sita, katika lugha na hesabu. Zilikuwamo Senegal, Kameruni, Côte d'Ivoire na nyingine zenye mali kuliko Burundi. Katika hesabu Burundi ilitoka ya kwanza, darasa la pili na darasa la sita pia. Katika darasa la sita, watoto zaidi ya 8 kati ya 10 wa Burundi walifikia kiwango kinachotakiwa, hali kwa nchi zote kumi wastani ulikuwa watoto 4 hivi kati ya 10. Hii ni nchi ambayo darasa moja lina watoto wengi mno, na kitabu kimoja hushikwa na mikono mingi. Ilikuwaje?

Wanaoeleza jambo hili hutaja kwanza lugha. Tangu miaka ya 1970 mtoto wa Burundi huanza shule kwa Kirundi, lugha ya mama yake, na miaka ya mwanzo hujifunza kuhesabu kwa lugha hiyo. Mwalimu anaieleza, mtoto anaielewa, na mzazi nyumbani anaielewa pia. Hakuna anayesimama mlangoni akingoja tafsiri.

Lakini tusiwafiche upande wa pili. Katika mtihani huohuo wa 2014, kwa kusoma Kifaransa darasa la sita, waliofikia kiwango Burundi walikuwa zaidi kidogo ya nusu tu. Mtihani uliporudiwa mwaka 2019, safari hiyo nchi kumi na nne, Kongo yetu ikiwamo, watoto wadogo wa Burundi walibaki mbele katika hesabu. Wale wa darasa la sita walishuka sana katika kusoma Kifaransa. Na watoto wa Kongo walio wengi hawakufikia kiwango mwishoni mwa shule ya msingi. Basi kuanza kwa lugha ya nyumbani kunajenga msingi, lakini daraja la kuvukia kwenye Kifaransa lisipojengwa vizuri, mtoto hubaki ng'ambo.

Tutazame na majirani. Nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zina mtihani wao wa darasa la sita, uitwao SACMEQ. Mwaka 2007 zilishiriki nchi na serikali kumi na tano. Katika kusoma, Tanzania Bara ilipata alama 578, ikawa ya kwanza, mbele ya Shelisheli na Morisi. Katika hesabu ilipata 553, ikawa ya tatu, nyuma ya Morisi na Kenya. Watoto wa Tanzania Bara walifanya mtihani huo kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Tunawaomba wazazi wanaosema Kiswahili ni cha sokoni walitafakari jambo hilo.

Je, sayansi? Hapa jibu ni fupi. Mtihani mkubwa wa dunia wa hesabu na sayansi, TIMSS, ulianza mwaka 1995. Katika orodha ya mwaka 2019, sayansi ya darasa la nane, Singapore iliongoza kwa alama 608. Afrika Kusini, ambayo watoto wake waliopimwa walikuwa wa darasa la tisa, ilipata 370. Burundi, Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Hazikushindwa, hazikupimwa. Yeyote anayewaambia kwamba watoto wa eneo hili hawana kichwa cha sayansi, mwulizeni amewapima lini na kwa mizani gani.

Na mtoto wa kambi? Matokeo haya hupangwa kwa nchi. Mtoto wetu anafuata programu ya masomo ya Kongo huku akiishi Burundi, na katika orodha hizo hana mstari wake. Tena mitihani hii humpima aliye darasani. Yule aliyekwenda kutafuta kuni, yule aliyebaki nyumbani kulea mdogo wake, na yule msichana aliyeozwa mapema, hao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Hilo ndilo linalotuuma kuliko nafasi ya kwanza au ya mwisho.

Hata hivyo, ndugu zetu, tumeona jambo linalotutia moyo. Mwaka huu tuliwauliza watoto wa darasa la sita, kwa Kifaransa, kwa nini joto la maji kuchemka hubadilika kadiri unavyopanda mlima. Darasa lote lilinyamaza. Tukauliza tena kwa Kiswahili: kwa nini maharagwe kambini huchelewa kuiva kuliko hapa Bujumbura? Mikono ikainuka. Msichana mmoja akasema, "Mama anasema maji ya kule juu yanachemka upesi lakini hayana moto."

Mama huyo amesema kweli, na hakusoma fizikia. Hapa kando ya Tanganyika tuko karibu mita 770 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye digrii 97 hivi. Ukipanda hadi mita 1,700, hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo zaidi, na maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Yakishachemka hayapandi tena, hata ukiongeza makaa. Kwa hiyo maharagwe hupikwa kwa moto mdogo kuliko unavyodhani. Baada ya kuelewa hivyo, watoto waliandika jibu kwa Kifaransa, wakisaidiwa maneno matatu tu.

Kwa hiyo Kamati Ndogo ya Elimu inaleta maombi matatu.

Kwanza, walimu wa madarasa ya chini waeleze hesabu na sayansi kwa Kiswahili mpaka mtoto aelewe, ndipo wampe maneno ya Kifaransa ya jambo lilelile, kila siku machache. Hatukatai Kifaransa, maana mtihani wa mwisho utakuja kwa Kifaransa. Tunakataa Kifaransa kisichoeleweka.

Pili, kila mwisho wa muhula tuwapime watoto wetu wenyewe, kwa maswali yaleyale katika madarasa yote ya ngazi moja, na matokeo yasomwe mbele ya wazazi. Asiyekuwapo darasani aandikwe pia, pamoja na sababu yake.

Tatu, kila mzazi, hata asiyejua kusoma, amwulize mtoto jioni: leo mmejifunza nini, nieleze nami nielewe. Mtoto anayeweza kumweleza mama yake amejifunza. Asiyeweza, atujulishe mwalimu.

Hatujui tutarudi nyumbani mwaka gani. Lakini siku hiyo ikifika, tungependa watoto wetu warudi na vichwa vilivyojaa, maana mzigo wa namna hiyo haupimwi mpakani wala hauibiwi njiani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Tuanze Jumatatu.