Punda Akisusa Chakula

Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wenye punda, Lamu

 

Mmetaka nizungumzie minyoo, nami nitafika huko, ila nianze na tumbo lenyewe. Punda, kama farasi, hawezi kutapika. Alichomeza lazima kipite utumbo mzima, na kikikwama hakirudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini kamba za nailoni na karatasi za mikate bado zimejaa jaani. Punda aliyeachiliwa usiku ajitafutie huzila kwa kuwa zina harufu ya chakula, zikajikusanya tumboni hadi kuwa bonge. Mchanga pia hukwama. Mwekeeni pumba kwenye karai, si chini.

Farasi akiumwa tumbo hujigaragaza na kujipiga teke. Punda ni mvumilivu mno: husimama kimya, kichwa chini, hali, hatoi kinyesi. Tena kugaragara mchangani ni starehe yake ya kila siku, kwa hivyo msingoje dalili hiyo. Akisusa chakula asubuhi, mpelekeni kwa daktari asubuhi hiyo hiyo. Kliniki ya punda ipo hapa mjini tangu 1987. Msimnyweshe mafuta wala maji ya chumvi kwa chupa. Yakiingia mapafuni, mmemuua wenyewe. Na hili wengi hawalijui: dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi inaweza kusimamisha utumbo wa punda. Someni kibandiko kabla ya kumpaka.

Sasa minyoo. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na vijinyoo hupanda majani mabichi vikaliwa tena. Aina moja huingia hadi kwenye mishipa ya damu inayolisha utumbo na kuiziba. Punda aliyeonekana mzima jana leo yuko chini. Kwa hivyo zoeni kinyesi bandani, angalau mara mbili kwa wiki.

Dawa hupimwa kwa uzito. Najua bei inauma, lakini dozi ya punda mmoja ikigawiwa wanne, minyoo dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaa, na mwakani dawa ile haitafaa kitu kwa punda wa mtaa mzima. Heri kinyesi kipimwe kwanza, mjue ni yupi anayehitaji dawa. Kileteni kikiwa cha asubuhi hiyo, ndani ya kikopo kilichofunikwa, na mtuambie ni cha punda gani.