Dawa ya barua ni barua

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa katika mkutano wa jumuiya yetu hapa Uingereza. Wengi waliniomba niyaandike ili yawafikie wasiokuwepo, na walioko nyumbani pia.)



Nimepewa dakika ishirini, na najua nyuma yangu kuna biriani, kwa hiyo sitarefusha. Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza mambo makubwa: katiba, uchaguzi, muungano, tume huru. Leo naomba ruhusa nizungumzie jambo dogo, barua ya pauni 100. Lakini nitakapomaliza mtaniambia wenyewe kama ni dogo.

Wengi wenu mnanijua. Mguu wangu wa kulia uliondoka na polio nikiwa na miaka minne, kule kwetu Unguja. Skuli nilikuwa napelekwa na kaka yangu kwenye keria ya baiskeli, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miaka hii ya karibuni mguu wa kushoto nao umechoka kubeba kazi ya miwili, na sasa natumia kiti cha magurudumu. Gari langu lina breki na mafuta ya mkono. Gari hilo, ndugu zangu, ndiyo miguu yangu. Nikiwa ndani yake mimi ni sawa na dereva yeyote. Shida huanza ninapotaka kushuka.

Mwaka 2023, siku ya Jumamosi, nilikwenda kununua vitu kwenye eneo la maduka makubwa ya pembezoni mwa mji. Kupaki ni bure, mwisho saa mbili. Hakuna mlinzi wala tiketi, kuna kamera tu inayopiga picha namba ya gari ukiingia na ukitoka. Niliingia saa 5 na dakika 8 asubuhi, nikatoka saa 7 na dakika 35 mchana. Nimezidisha dakika 27. Baada ya siku tisa ikaja barua na picha mbili za gari langu: lipa pauni 100, ukilipa ndani ya siku 14 tutapokea 60.

Sasa nitakuambieni jambo ambalo hata mke wangu alilijua siku hiyo. Ile ilikuwa barua ya tatu. Mbili za mwanzo nililipa, pauni 60 na pauni 60, kimya kimya, kwa simu, nimejifungia chumbani kama mtu anayefanya uovu. Na baada ya kulipa ya pili niliacha kwenda madukani. Nikawa namwambia mke wangu nenda wewe, mimi nimechoka leo. Sikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa saa. Mtu mzima niliyevuka bahari, niliyelea watoto wanne katika nchi ya watu, nimefungiwa ndani na kamera ya maegesho.

Kwa nini nililipa? Kwa sababu sisi tumelelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Na kwa sababu kule tulikotoka, karatasi yenye muhuri haiji kukuuliza, inakuja kukuamrisha. Mzee ukimletea barua kutoka ofisini, kabla hajaifungua anauliza, "Nimefanya nini?" Tumekuja na hofu hiyo kwenye mabegi yetu.

Binti yangu ndiye aliyeiona ile barua ya tatu juu ya meza. Akaniuliza, "Baba, hili ni deni la nani? Umekopa?" Nikamwambia ni faini. Akasema, "Si faini. Soma tena."

Nikasoma. Na hapa ndipo darasa la leo linapoanza.

Jambo la kwanza. Kuna barua za aina mbili, na zote kwa Kiingereza zinafupishwa kwa herufi zile zile, PCN. Moja hutoka halmashauri ya mji, na hiyo ndiyo adhabu ya kisheria. Nyingine hutoka kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya maduka, hospitali au mikahawa. Hiyo si faini. Ni ankara. Kampuni inadai kwamba ulipoingia na kupaki ulikubali masharti ya kwenye bango, na umeyavunja. Ni madai ya mtu kwa mtu. Jina na anwani yako wameipata kwa idara ya serikali inayoandikisha magari, DVLA, kwa ada ya pauni 2 na nusu. Na madai huwa yanajibiwa.

Jambo la pili, na hili nawaambia vijana wangu wanaopenda kusema, "Zitupe tu, hazina nguvu." Ushauri huo ulikuwa na maana zamani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, ilipoanza kutumika sehemu ya sheria ya mwaka huo iitwayo Protection of Freedoms Act, mambo yalibadilika England na Wales. Sheria hiyo ilikataza kampuni hizi kulifunga gurudumu la gari lako kwa chuma. Lakini pia iliwapa uwezo wa kumdai mwenye gari aliyeandikishwa hata kama hawamjui aliyekuwa akiendesha, mradi wafuate taratibu. Moja ya taratibu hizo: kama hawakuacha notisi kwenye kioo cha gari, barua yao lazima ifike ndani ya siku 14. Kwa hiyo kitu cha kwanza, tazama tarehe. Barua yangu ilifika ndani ya muda, hapo sikuwa na hoja.

Tena mwaka 2015 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hii iliamua kesi ya bwana Barry Beavis, aliyezidisha dakika 56 kwenye maegesho ya Chelmsford akadaiwa pauni 85. Alishindwa. Mahakama ilisema dai lile halikuwa adhabu batili. Kwa hiyo anayekwambia makampuni haya hayana lolote mbele ya hakimu, anakudanganya. Ukiipuuza barua, ikaja karatasi ya mahakama ukaipuuza nayo, utahukumiwa bila ya kuwepo. Na hukumu hiyo usipoilipa ndani ya mwezi mmoja itakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6. Nyumba hupangishwi, simu ya mkataba hupewi. Yuko mzee wetu, sitamtaja, yamemkuta. Dai lilianza na pauni 100 na likamalizikia kumkosesha nyumba.

Kwa hiyo kulipa kwa hofu ni kosa, na kutupa kwa ujeuri ni kosa. Tufanye nini? Dawa ya moto ni moto. Dawa ya barua ni barua.

Binti yangu akanikalisha na kalamu. Akasema, "Baba, hizo dakika 27 zilikwenda wapi?" Tukapiga hesabu. Nafasi za walemavu pale ni nne. Siku ile zote zilijaa, na magari mawili hayakuwa na beji ya buluu. Nafasi ya kawaida hainifai, kwa sababu mlango haufunguki ukatosha kutoa kiti. Nilisubiri dakika 12. Kutoa kiti, kukiunga na kukikalia, dakika 8. Kurudi, kujihamisha, kukikunja na kukipakia, dakika 8 nyingine. Jumla dakika 28. Nilizidisha 27.

Ndugu zangu, nilipoiona hesabu ile nilinyamaza kidogo. Dukani nilitumia muda ule ule anaotumia kila mtu. Kilichonizidishia muda ni ulemavu wangu, na gari za watu waliokaa pasipo pao. Na mimi ndiye niliyetumiwa ankara.

Nikakata rufaa kwa kampuni yenyewe. Una siku 28. Niliambatisha picha ya beji, risiti ya dukani na hesabu ya dakika. Wakanijibu kwa mistari minne: beji ya buluu haitoi haki ya kuzidisha muda kwenye ardhi binafsi, rufaa imekataliwa.

Na hapa wengi wetu ndipo tunapokata tamaa, kwa sababu walichosema ni kweli. Mpango wa beji ni wa barabara za umma. Huko beji inakupa kupaki kwenye mstari wa njano hadi saa 3 katika England na Wales, ikiwa hakuna katazo jingine. Kwenye uwanja wa duka beji haina nguvu hiyo. Lakini mimi sikuwa nadai kwa beji. Beji ni ushahidi tu wa hali yangu. Nilidai kwa sheria ya usawa ya mwaka 2010, Equality Act, na sheria hiyo haisimami kwenye geti la uwanja wa mtu binafsi. Inamwambia kila anayetoa huduma kwa umma: ikiwa utaratibu wako unamweka mlemavu katika hali ngumu kwa kiasi kikubwa kuliko mwengine, chukua hatua za maana kuuondoa ugumu huo. Kikomo cha saa mbili ni utaratibu. Kunipa dakika 30 zaidi ni hatua ya maana, na haimgharimu mtu hata senti.

Nikaandika barua mbili. Ya kwanza kwa meneja wa duka nililonunua vitu, nikamwambia kwa adabu: mimi ni mteja wako, risiti hii hapa, kampuni mliyoiweka mlangoni inanitoza kwa sababu ya kiti changu. Kumbukeni hili, kwa sababu mara nyingi wenye maduka au wenye ardhi ndio wenye mkataba na kampuni, na wao wanaweza kusema futa.

Ya pili niliipeleka POPLA, chombo cha kusikiliza rufaa za makampuni yaliyo katika chama cha British Parking Association. Kampuni ikikukatalia lazima ikupe namba ya kufungulia rufaa hiyo, na una siku 28. Ni bure. Uamuzi wao unaifunga kampuni, wewe haukufungi. Makampuni ya chama cha pili yana chombo chao, kiitwacho IAS, kwa hiyo soma barua yako uone uko upande gani.

Wiki ya tatu nikapata jibu la mistari miwili: kampuni imeamua kutoendelea na dai, shauri limefungwa. Halikuwemo neno la samahani, wala la kukiri kwamba nilikuwa na haki.

Mke wangu alipika pilau siku ile. Lakini nitawaambia ukweli: furaha yangu haikuwa ya pauni 100. Jumamosi iliyofuata nilichukua ufunguo wa gari mwenyewe, nikamwambia, "Twende."

Sasa naomba niseme neno kwa walioko nyumbani watakaoyasoma haya, wasije wakadhani nawasifia Wazungu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu uliridhiwa na Uingereza mwaka 2009. Tanzania nayo iliuridhia mwaka huo huo, 2009. Zanzibar ilikuwa imeshatunga sheria yake ya mwanzo ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Bara ikatunga yake 2010, mwaka ule ule wa sheria ya usawa ya hapa. Kwa karatasi hatukuachwa nyuma. Na hapa nilipo, pamoja na sheria yote hiyo, nililipa mara mbili. Sheria ilikuwepo siku nilipolipa ya kwanza, na ilikuwepo siku nilipolipa ya pili. Ilikuwa imelala kabatini, ikisubiri mtu aiite kwa jina. Haki haijileti yenyewe mlangoni, si Unguja, si London.

Ndiyo maana nasema jambo hili si dogo. Sisi tunaodai katiba kwa sauti kubwa ukumbini, ni wangapi tuna bahasha jikoni hatujazifungua? Mtu anayeogopa kujibu kampuni ya maegesho atamjibu vipi waziri?

Bwana Mwenyekiti, namalizia. Dai langu limefutwa, lakini bango lile halijabadilika. Bado ni saa mbili kwa mwenye miguu na saa mbili kwa asiye nayo. Kesho atakwenda pale mama yetu mwengine mwenye kiti, na ankara itamfikia yeye. Kwa hiyo nimeandika barua ya tatu, kwa wenye ardhi, nikiomba wenye beji waandikishe namba zao kaunta na wapewe muda zaidi. Barua iko pale mezani, karibu na sinia la sambusa. Wenye beji humu ndani nimewahesabu, tuko sita. Naomba majina sita kabla hatujala.

Na yeyote mwenye bahasha nyumbani, ya aina hii au ya aina nyingine, ailete Jumamosi ijayo. Binti yangu atakuwepo na kalamu. Ikiwa ni karatasi ya mahakama usingoje Jumamosi, maana siku 14 ni chache. Nipigie leo usiku.